Unga wa Kumuaga Mjomba

Kila asubuhi Somoe alijitwika mtungi, akateremka kutoka Chilangala kwenda bondeni kuteka maji. Kule juu hapakuwa na kisima, na mwaka ule, baada ya Vita vya Maji Maji, hapakuwa na chakula pia. Watu waliponea ming'oko, viazi vya mwitu walivyovichimba porini.

"Sisi tulikuwa watu wa bondeni," Bibi Mwanne alizoea kumsimulia. "Nyumba yetu ilikuwa pale penye mikorosho leo. Enzi hizo hata mikorosho hiyo haikuwapo. Palikuwa na mtama mtupu, mpaka mtoni."

Sasa serikali ya Wajerumani ilikuwa imewalazimisha watu kujenga malambo mawili ya maji kule bondeni. La kwanza lilikwisha kufunika mashamba. La pili lilingoja mvua tu, na ndani yake mlikuwa na kaburi la Mrisho, kitinda mimba wa Bibi, aliyeuawa vitani.

Miguu ya Bibi ilikuwa imevimba kwa njaa, asiweze kuteremka. Akamkabidhi Somoe unga wa mtama, konzi moja, ndani ya kitambaa.

"Mjukuu wangu, mmwagie mjomba wako kaburini. Mwambie maji yanakuja, asidhani tumemtupa."

Njiani Somoe akaonja kidogo. Akaonja tena. Mwenye njaa hana miiko. Alipofika kaburini kitambaa kilikuwa kitupu, naye akaona haya hata kulitaja jina la mjomba.

"Umemwambia?" Bibi aliuliza.

"Nimemwambia, Bibi."

Bibi akatabasamu, mara ya kwanza tangu vita. Tabasamu lile lilimuuma Somoe kuliko fimbo.

Mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya nne Somoe alikuta maji matupu, kaburi halipo. Akarudi mbio, mtungi hauna kitu.

"Bibi, sikumwaga! Unga niliula mimi!"

Bibi akamuuliza, "Ulikuwa mtamu?"

"Mtamu, Bibi," Somoe alijibu akilia.

"Basi si neno. Mrisho mwenyewe angekupa. Lakini ungeniambia siku ileile, ningetambaa nikamuage mwanangu kwa mikono mitupu. Njaa haikunidhulumu, mjukuu wangu. Uwongo ndio ulionidhulumu. Kosa liseme mapema, lingali na dawa."

Kesho yake waliteremka pamoja, Bibi akimwegemea Somoe, wakipumzika kila hatua chache. Ukingoni mwa lambo Bibi aliita, "Mrisho!" Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Haya, mwambie."

"Shikamoo, Mjomba. Unga wako niliula mimi. Nisamehe."

Walilia mpaka wakachoka. Kisha Somoe akainama, akateka maji hayohayo, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mengine.