Uso wa Khadidja

Soko la Ruvumera, jijini Bujumbura, lilikuwa limefurika asubuhi ile. Waridi alikuwa akipapasa vitambaa vya kuchorea, akitafuta kizito, pale mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi alipompiga kikumbo. Karatasi kubwa aliyoibeba ikaanguka na kujikunjua. Ilikuwa na picha za magonjwa ya ngozi, zile zinazobandikwa darasani. Waridi akainama kumsaidia, akazitazama.

"Wagonjwa wako wote ni Wazungu?" akauliza.

Mwanamume akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliitwa Hugues, daktari wa ngozi na mwalimu katika chuo kikuu kimoja cha mjini. Alimweleza kwamba jambo hilo hilo lilimnyima raha: wanafunzi wake ni weusi, wagonjwa wao ni weusi, lakini vitabu vinawafundisha kutafuta wekundu juu ya ngozi nyeupe.

"Mi ni mchoraji," Waridi akasema, akirekebisha mtandio wake wa rangi ya machungwa. "Niletee mutu mweusi, nitakuonyesha wekundu wake unajificha wapi."

Hawakuachana bila kupeana namba za simu.

Kutokana na maneno yale ya sokoni, Hugues akaanza kuandaa mpango alioupa jina la residansi: msanii akae chuoni mwaka mzima, achore pamoja na wanafunzi wa udaktari, nao wajiulize ni nani aliyeamua kwamba mwili wa Mzungu ndio kipimo cha miili yote. Alitaka pia watazame picha za kale za wakoloni wakipima pua na vichwa vya Warundi, wakaita hiyo elimu, wakawagawa watu kwayo. Waridi alimsaidia kufikiri, wakapendana, na kila jioni simu ililia.

"Umekula, sheri wangu?" Waridi aliuliza.

"Nimekula. We umechora nini leo?"

"Pua yako. Karatasi haikutosha."

Hata mama yake Waridi, ambaye mwanzoni hakutaka kusikia binti yake Mwislamu akiolewa na Mkristo wa mtaa wa Carama, alianza kumtumia Hugues sambusa.

Waridi alikuwa na mdogo wake, Khadidja, aliyechumbiwa na kijana wa mtaa wao wa Buyenzi aitwaye Faridi. Khadidja aliugua lupus, ugonjwa wa kinga ya mwili unaotia wekundu mashavuni. Kwa muda mrefu alipewa dawa za fangasi, kwa kuwa wekundu wa ugonjwa ule juu ya mashavu meusi huonekana kama kivuli cha zambarau tu, na hakuna aliyeutambua mpaka Hugues alipomwona. Waridi alimchora mdogo wake akiwa amelala, na kivuli kile chote, kwa upendo mwingi. Akampa Hugues ile picha.

"Ni ya macho yako tu," akamwambia.

"Macho yangu tu," Hugues akaahidi.

Siku ya kuutetea mpango, wakubwa wa chuo walimsikiliza Hugues kwa uchovu. Mmoja akauliza rangi za kuchorea zinaponya ugonjwa gani, wenzake wakacheka. Hugues akaona kazi yao inazama. Mchoro wa Khadidja alikuwa ameupiga picha, uko kwenye simu yake. Akaitupia ukutani kwa projekta, kubwa kuliko mlango, akawauliza madaktari wale mgonjwa huyu ana nini. Hakuna aliyejibu. Mpango ukapita.

Lakini mtu mmoja ukumbini aliipiga picha, ikaingia WhatsApp, na haikuchelewa kufika Buyenzi. Kwao Faridi walisema wamefichwa ugonjwa. Uchumba ukavunjika.

Waridi alimfuata Hugues ofisini, amevaa gauni jeusi, uso haujaguswa na poda.

"Uliniahidi."

"Walikuwa wanakataa kazi yetu, Waridi. Sikutaja jina lake."

"Uso wa mutu ndio jina lake. Wale waliopima pua za babu zetu nao hawakuuliza. Nao walisema ni kwa ajili ya elimu."

Waridi aliikataa nafasi ya residansi, akaacha kupokea simu zake. Akaletwa mchoraji mwingine, Cirimwami, kutoka Bukavu. Hugues aliongeza sharti kwamba mwili wa mtu usionyeshwe bila ruhusa yake. Lilikuwa sharti zuri, na lilikuwa limechelewa.

Mvua zilipokwisha, Hugues alijikaza akaenda Buyenzi kuomba radhi. Khadidja alimkaribisha barazani, mashavu yamepata nafuu, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dokta," akasema, "ungeniuliza, ningekubali. Nilitaka wanafunzi wako wauone uso huu, wasichelewe kumtambua mwingine. Na Faridi ningemwambia mwenyewe, kwa mudomo wangu. Labda angebaki."

Waridi alimsindikiza hadi barabarani. Hapo Hugues akamwambia kwamba bado anataka kumuoa, na kwamba yuko tayari kungoja.

"Sitakudanganya, nakupenda," Waridi akasema. "Lakini kila nitakachokupa nitakuwa nakiogopea. Mi siwezi kuishi hivyo na mume."

Alimshika mkono, akakawia kuuachia, kisha akarudi ndani kumsaidia mdogo wake kupika. Hugues alibaki pale kando ya barabara. Teksi zilipunguza mwendo mbele yake, naye akaziacha zipite.