Kabichi ya Jumatatu

Kila asubuhi kabla ya shule, Kimya alikata kabichi ya saladi katika mgahawa mdogo wa mama yake. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake, kwa kuwa tangu ahamie mtaa ule hakuwa na wa kupiga naye soga. Mtaa ulijaa watu wa kila lugha, naye hakuwa na kundi hata moja. Aliyemchangamkia ni Mama Matunda tu, mgeni kutoka nchi ya mbali, aliyeuza mapapai mbele ya mgahawa.

“Mwanangu, shule nzuri?” alizoea kuuliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha.

Jumatatu moja foleni ya bombani ilikuwa ndefu. Kimya akaogopa kuchelewa. Akasuuza kabichi kwa maji yaliyooshewa vyombo, akaondoka mbio.

Kesho yake aliporudi kutoka shule, alikuta watu wamejaa barabarani. Wateja watatu waliokula mgahawani kisha wakanunua mapapai walikuwa wameharisha hadi wakapelekwa zahanati.

“Ni matunda ya huyu mgeni!” fundi viatu alifoka. “Nani anajua anayaosha kwa maji gani?”

“Mimi safi,” Mama Matunda alisema. “Mimi osha...” Maneno yakamwishia.

Siku mbili nzima hakuna aliyenunua kwake. Alikaa peke yake akifukuza nzi. Kimya alipita upande wa pili, macho chini.

Asubuhi ya tatu alimwona Mama Matunda akifunga meza yake kwa kamba, tayari kuhama. Kimya akaweka kisu chini, akamgeukia mama yake jikoni.

“Mama, ni mimi. Niliosha kabichi kwa maji machafu.”

Mama alifuta mikono. “Unajua tutakimbiwa na wateja?”

“Najua.”

“Haya, twende ukaseme.”

Kimya alisema mbele ya majirani wote. Fundi viatu alikuna kichwa. “Dada, nisamehe. Nilikurukia bure.”

Mama Matunda hakutabasamu. Alifungua kamba polepole, kisha akamsogezea Kimya kigoda.

Siku hiyo mgahawa ulikuwa mtupu. Mama na Kimya walisugua kila sufuria.

“Mwanangu,” mama alisema, “chakula cha watu huoshwa kwa maji safi, hata kama umechelewa. Ukikosea, sema mapema. Yule mama hakuwa na wa kumtetea mtaa mzima. Aliyeujua ukweli ni wewe peke yako.”