Dirisha la Msamaha

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Shamila alichota ndoo mbili za maji bombani, akafagia uwanja, kisha akakaa chini kuuosha mguu wa bibi yake. Kazi hii ya mwisho ndiyo aliyoichukia. Shamila alimpenda bibi yake, mguu ndio aliouchukia. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia palikuwa na kidonda, na kidonda hicho kilikuwa kimekataa kupona kwa mwezi wa pili sasa.

Kilianza kwa jambo dogo tu. Bibi Mwanamkuu alikuwa mdarizi wa kofia, hodari kuliko wote mtaani kwao Chemchem. Siku moja sindano ilimponyoka ikaanguka mkekani, naye akaikanyaga. Kwa kuwa alikuwa na kisukari na nyayo zake zilikwisha kufa ganzi, hakusikia kitu. Alitembea na ile sindano siku nzima, mpaka Shamila alipoona damu sakafuni.

"Asali inatosha," Bibi alisema kila alipoambiwa habari za hospitali. "Tabora nzima ina nyuki, wewe unataka dawa za kopo."

Asali haikutosha. Jumatatu moja Shamila alipofungua kitambaa, harufu ilimpiga usoni, na kidole gumba kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Alikuwa darasa la sita, na mwalimu wa sayansi alikwisha kuwafundisha kwamba nyama ikiwa hivyo imekufa.

"Bibi, leo siendi shule. Tunakwenda kutibiwa."

"Nani kakuambia mimi mgonjwa?"

"Kidole."

Bibi akainama, akakitazama. Mama yake Shamila alikuwa Kaliua akiuza mitumba, na humo nyumbani walikuwa wawili tu. "Haya, mke mwenzangu," akasema mwishowe. "Niletee buibui langu."

Jina la kituo cha afya walichokwenda nitalimeza, maana waliomo humo wengi ni watu wema na sitaki wabebe dhambi ya mmoja. Mmoja huyo aliitwa Gerson. Alikuwa karani wa mapokezi, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na ulimi ambao haukuwahi kupigwa pasi hata siku moja.

Walisimama kwenye foleni muda mrefu. Walipofika dirishani, Bibi akanyamaza. Alikuwa anangoja shikamoo yake. Mtu mzima wa Tabora hamwelezi shida zake kijana ambaye hajamwamkia. Gerson naye hata kichwa hakuinua.

"Shida?"

"Mguu," Shamila akadakia, alipoona bibi yake amefunga mdomo.

"Bima mnayo?"

"Hatuna."

"Ana miaka mingapi huyo?"

"Sabini na mbili."

"Sasa mmekuja kunijazia foleni ya nini? Nendeni dirisha la msamaha. Mkaombe msamaha huko. Mwingine!"

Bibi akaigeuza shingo polepole. "Nikaombe nini?"

"Msamaha, bibi. Wazee wasio na uwezo wanaomba msamaha, halafu wanatibiwa bure."

"Nimemkosea nani?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Gerson hakucheka. "Bibi, usinipotezee muda. Unataka cha bure, na maringo juu?"

"Mimi sikuiba, sikumtukana mtu. Nimechomwa na sindano. Nikaiombe msamaha sindano?"

Kicheko kikazidi. Mwanamume mmoja aliyefungwa bendeji mkononi, jina lake Masanja, akapaza sauti: "Mpisheni bibi, ana kesi na sindano!" Bibi Mwanamkuu akajitanda buibui lake vizuri, akageuka, akatoka huku anachechemea. Shamila alimfuata akitamani ardhi ipasuke immeze.

"Bibi, si neno tu!" alifoka walipofika barabarani. Hakuwahi kumpandishia bibi yake sauti, lakini siku hiyo ilimtoka. "Ungesema 'naomba msamaha,' yakaisha! Ungekuwa umeshatibiwa!"

"Neno tu?" Bibi akasimama. Macho yake yalikuwa makali. "Nikiwa msichana kama wewe nilifanya kazi duka moja la vitambaa. Ukapotea mkufu wa mke wa mwenye duka, wakasema ni mimi. Mama yangu alikuwa mgonjwa na kazi tuliihitaji. Basi nikapiga magoti mbele ya watu, nikaomba msamaha kwa kitu ambacho sikukigusa. Kesho yake mkufu ukaonekana chini ya mto wa mwenyewe. Aliyeniomba msamaha mimi? Hakuna. Na wapo watu hapa mjini wanaosema mpaka leo, 'Kama hakuiba, aliomba msamaha wa nini?' Siku ile niliapa. Neno lile halitanitoka tena kwa kosa nisilolitenda, hata nife."

Shamila alimwonea huruma, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma. Aliona kabisa kwamba kiapo kile kitaondoka na mguu.

Jumanne alikwenda peke yake ofisi ya mtaa. Mtendaji, Bwana Revocatus, alimweka kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha akamuuliza kama bibi huyo hana watoto wa kumtunza mpaka aisumbue serikali. Shamila akauma meno. Mwishowe akapata barua yenye muhuri, ya kumtambulisha Bibi Mwanamkuu kuwa ni mzee anayestahili kutibiwa bila malipo. Alipofika nyumbani alimkuta Bibi amelala mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na mwili wake ulikuwa wa moto.

Bibi Mwanamkuu alijua kusoma Kurani tangu utotoni, na herufi za Kiarabu alizifuata bila kukwama. Herufi za shuleni hakuzijua. Shamila alilijua hilo, na hapo ndipo shetani alipomnong'oneza.

"Bibi, nimeulizia. Lipo dirisha jingine pale, sisi hatukuliona. Limeandikwa 'Dirisha la Heshima kwa Wazee.'"

"Limeandikwa hivyo?"

"Ndiyo."

"Kweli?"

"Wallahi, Bibi."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Bibi akatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Basi tutakwenda. Kumbe wapo wenye adabu."

Jumatano wakapanda bajaji. Dirisha la mwisho lilikuwa na maandishi makubwa mekundu juu yake, na ndani yake, kwa bahati mbaya, siku hiyo alikuwa zamu Gerson yuleyule. Bibi aliyaangalia yale maandishi kwa furaha.

"Hayo ndiyo yanayosema heshima?"

"Ndiyo, Bibi," alijibu Shamila kwa sauti ndogo.

Nyuma yao alikuwa Masanja, aliyerudi kubadilishwa bendeji. Mtu yule alikuwa hapitwi na neno. "Heshima? Binti, unasoma shule gani wewe? Hapo pameandikwa 'Dirisha la Msamaha.' Hata mimi niliyeishia darasa la tatu naona."

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Soma."

Shamila akaanza kulia.

"Soma, nimekwambia."

"Dirisha... Dirisha la Msamaha."

"Na ile wallahi yako?"

Bibi alimtazama kama anavyomtazama mtu asiyemjua, na mtazamo ule ulimuuma kuliko kofi. Kisha Bibi akageuka kuelekea mlangoni. Alipiga hatua mbili, ya tatu ikamshinda. Akajishika ukutani. Kitambaa cha mguuni kilikuwa kimelowa usaha, na harufu ikaenea chumba kizima. Watu wakaziba pua. Mama mmoja akasema waziwazi, "Mtoeni nje huyo, tuna watoto hapa."

"Bibi, si ulisema huna kosa?" Gerson akasema kutoka dirishani. "Basi nenda zako. Huu ni msaada, si haki ya mtu. Anayeutaka anaomba kwa adabu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomrudisha. Bibi Mwanamkuu akauachia ukuta, akaja mpaka dirishani akiuburuta ule mguu, akaweka viganja vyake viwili juu ya ubao.

"Kijana. Kwanza nipe shikamoo yangu. Unanidai tangu juzi niwe na adabu, na yako sijaiona."

Gerson akatazama kushoto na kulia. Foleni nzima ilikuwa inamwangalia. "Shikamoo," akasema kwa shida.

"Marahaba. Sasa sikiliza. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kichwani toka hapa Tabora mpaka pwani, kwa miguu. Alinihadithia mwenyewe. Mpagazi akiumwa mguu njiani, mzigo wake alipewa mwenzake, yeye akaachwa pale alipoanguka na kibuyu cha maji. Msafara ukaondoka. Mzigo ulifika pwani, mtu hakufika. Kile kibuyu ndicho walichokiita msaada. Leo kuna reli na lami na umeme, nawe unanionyesha kibuyu kilekile! Nimelipa kodi katika kila uzi nilioununua tangu nina miaka kumi na sita. Sikuja hapa kuomba. Nimekuja kutibiwa, maana mimi ni mtu, na mguu wangu unaoza."

Hakuna aliyecheka. Masanja alikuwa anatazama chini. Shamila akaichomoa barua ya mtaa, akaiweka mbele ya Gerson.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka muuguzi mkuu, Sista Tatu, mwanamke mfupi mkali ambaye hata madaktari walimwogopa. "Harufu hiyo ni ya nani?" Hakungoja jibu. Akachuchumaa palepale mbele ya watu, akakifungua kitambaa, akatazama, uso wake ukabadilika.

"Kiti cha magurudumu, haraka!"

"Sista, bado sijamwandikisha," Gerson alisema. "Anakataa kuomba..."

"Daftari litangoja, Gerson. Mguu hautangoja. Na hicho unachogawa dirishani si ugali wa mama yako, mpaka watu wakupigie magoti." Kisha akamgeukia Bibi. "Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba, mwanangu. Lakini neno lile silitamki."

"Usilitamke. Kinachosamehewa ni malipo, si wewe. Wewe huna kosa lolote hapa."

"Basi mngeandika hivyo ukutani."

"Ni kweli," alisema Sista Tatu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea. "Tungeandika hivyo."

Siku hiyohiyo Bibi Mwanamkuu alipelekwa hospitali kubwa, akakatwa kidole gumba. Mguu ulipona. "Mngechelewa siku mbili," daktari alimwambia Shamila, "tungekuwa tunazungumza habari za goti."

Wodini Bibi alizungumza na wauguzi, alizungumza na wagonjwa wenzake, hata na mfagiaji. Lakini Bibi hakuzungumza na Shamila. Alipokea uji kutoka mikononi mwake, akanywa, akarudisha kikombe, akageukia ukutani. Ilikuwa hivyo Alhamisi, ikawa hivyo Ijumaa. Shamila alikuwa amewahi kuchapwa na kutukanwa, lakini hakuwahi kupewa adhabu nzito kama ule mgongo.

Jumamosi alishindwa kuvumilia. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Bibi, nisamehe. Nilikudanganya, tena nikaapa kwa uongo. Niliogopa utakufa."

Bibi akajigeuza taratibu.

"Najua uliogopa. Lakini uongo wako uliotaka kunifikisha kwa daktari ndio uliotaka kunirudisha nyumbani. Ningekuwa na nguvu ya hatua kumi zaidi siku ile, ningeondoka, nisingerudi tena. Ungeniambia ukweli tungegombana nyumbani, tukamaliza, tukaja. Wala mimi sijitoi lawamani. Kiburi changu kimekula kidole kizima."

Akanyoosha mkono akamfuta mjukuu wake machozi kwa ncha ya kanga.

"Basi lishike hili, usije ukalisahau. Kutibiwa ni haki ya mtu, awe tajiri, awe fukara. Mgonjwa hana kosa, kwa hiyo haombi msamaha. Anadai haki yake, na anaidai kwa ukweli. Msamaha huombwa na aliyekosa. Wewe umekosa, na umeomba. Hapo ndipo mahali pake neno lile. Nimekusamehe."

Shamila akaegemeza kichwa kwenye godoro, akalia mpaka akatosheka. Bibi akamwacha alie.

"Jumatatu uende shule," Bibi akasema baadaye, akiwa tayari anatafuta kofia yake ya kudarizi chini ya mto. "Mwalimu akikuuliza ulikuwa wapi siku zote hizi, usithubutu kumwomba msamaha. Mwambie ulikuwa unamuuguza bibi yako."