Kiti cha Nyuma Kushoto

Gari hilo alilinunua dada yangu, lakini aliyelichagua ni mimi, kwa hiyo sitajifanya sihusiki.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua la kawaida, yadi ya magari ya mitumba imejaa watu wanaopiga matairi mateke kana kwamba tairi litajibu. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi. Mara tatu kwa wiki alikuwa anampeleka mama kusafishwa figo, kwa kuomba lifti za watu, na alishafika mahali pa kusinzia akiwa amesimama. Uwezo wetu uliruhusu gari moja kati ya mawili: la miaka sita lililotembea kilomita laki mbili na ushee, au la miaka kumi na saba lililotembea kilomita elfu thelathini na moja tu.

Nikachora jedwali. Nikagawa kilomita kwa miaka. Shahada yangu inafika hapo.

"Chukua la zamani," nikasema. "Gari halizeeshwi na miaka. Linazeeshwa na njia."

Fundi tuliyekwenda naye alikagua bila haraka. "Injini safi. Mipira ya pedali haijalika. Usukani kama haujawahi kushikwa." Kisha akafungua mlango wa nyuma, akainama.

Kiti cha kushoto kilikuwa kimelika hadi sponji, kimebonyea umbo la mtu. Springi ya upande ule ilikuwa imelala.

"Gari hii haikutembea," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini kuna mtu alikaa humu. Miaka."

"Fundi, usituletee hadithi."

"Mimi naangalia kiti, msomi. Wewe angalia jedwali lako."

Muuzaji akacheka. Dada alishakaa nyuma ya usukani, macho ameyafumba. Tukanunua.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Ya pili dada akagundua kwamba mama hakai kushoto kamwe, ingawa mlango wa kulia ulikuwa unakwama.

"Mama, si uhamie upande ule?"

"Kule pana mtu."

Dada akadhani ni dawa. Mwili uliojaa sumu husema mengi. Nami nilimwambia hivyo hivyo kwenye simu, kwa ule uhakika wa watu wasiokuwapo.

Siku nyingine mama akasema, "Amechoka kusubiri."

"Kusubiri nini, mama?"

"Apelekwe. Endesha, mwanangu. Tukisimama ndipo anaponisogelea."

Dada hakutaka kuamini. Lakini alianza kutafuta njia zisizo na taa za kuongozea magari. Akawa anazunguka mitaa ya nyuma, anaongeza nusu saa nzima ilimradi magurudumu yasitulie. Alikuwa anafika nyumbani amekauka kama kuni.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Saa tano asubuhi. Lori lilianguka mbele, barabara ikafungwa. Magari mbele, magari nyuma. Mama alikuwa dhaifu, amekonda, na kliniki ilikuwa bado mbali.

"Tumesimama?" mama akauliza.

"Foleni tu, mama. Sasa hivi."

Dakika kumi. Ishirini. Watu wakazima injini. Dada hakuizima yake.

Ndipo akahisi gari linainuka. Upande wa kushoto. Taratibu, kama kochi mtu anapoondoka pembeni na kusogea katikati. Upande wa kulia ukashuka.

Hakugeuka. Hadi leo hajui kwa nini hakugeuka.

Akamsikia mama akinong'ona, kwa sauti ya mwenyeji aliyechoka, "Haya. Njoo basi."

Foleni ilipofunguka, dada alitazama kioo. Mama alikuwa amekwenda. Kichwa kimeinama kushoto, hewani, hakijagusa kiti. Kimeegemea kitu.

Kwenye cheti cha kifo daktari aliandika figo. Sina ubishi na daktari.

Gari tuliliuza. Tangazo niliandika mimi: la zamani, kilomita chache. Kila neno lilikuwa kweli, na nilijiona mwongo kwa kila neno. Alilichukua karani mstaafu anayeishi peke yake, mtu mpole sana.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Dada alikuwa karibu yangu akisahihisha madaftari, nikaweka sauti kubwa.

"Samahani kukusumbua. Nilibadilisha sponji ya kile kiti cha kushoto, kikabonyea tena. Hilo nimelizoea. Sasa na cha kulia kimeanza. Kidogo tu, kama mtu mwembamba hivi. Na mimi sipakii mtu."

Nikamwambia sponji za siku hizi ni ovyo. Nilijisikia nikisema.

Dada hakuinua kichwa. "Muulize gari anaitumiaje."

"Ah, mara moja moja," karani akajibu. "Siku nyingi imeegeshwa tu uani."

Dada akaweka kalamu chini.

"Mwambie aiendeshe," akanong'ona. "Kila siku. Hata kama hana pa kwenda."