Maji Yaliyochemka Kupita Kiasi

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya Kitengela, Phylis alikuwa amekwisha kukoka jiko na kubandika sufuria kubwa ya maji ya kisima chao. Shuleni walikuwa wamefundishwa kwamba maji yasiyochemshwa huleta kipindupindu na homa ya matumbo, naye Phylis hakuwa mtoto wa kuambiwa jambo mara mbili. Wenzake walingoja maji yatokote, wakaepua. Yeye aliyaacha yatokote hadi yapungue nusu, ndipo akaridhika.

Alikuwa na sababu. Mdogo wake, Mureithi, aliyekuwa akikaribia miaka mitano, alikuwa ameanza kupinda miguu. Mwanzoni Mama alisema itanyooka yenyewe. Haikunyooka. Kufikia mwaka huo wa 2003, magoti yalikuwa yameachana, na mtoto akitembea kidogo tu anaketi chini na kulia. Kwenye zahanati waliambiwa wampe maziwa na kumwotesha jua. Jua gani tena, na Kitengela ndiko nyumbani kwa jua! Maziwa nayo alikunywa kila siku. Miguu ikazidi kupinda. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nyumba ile ina laana, na Mama aliposikia, akaacha hata kwenda kanisani.

Phylis alijilaumu mwenyewe. Kazi ya maji ilikuwa yake, na alihisi kwamba labda siku moja alizembea. Basi akazidi kuchemsha. Akampikia Mureithi githeri, akitia magadi mengi ili mahindi na maharagwe yalainike. Akamlisha kwa mkono wake, akamkanda miguu kwa mafuta, kisha akaenda nyuma ya kisima kulia mahali ambapo Mama hangemwona.

Dada yao mkubwa, Caro, alikuwa chuo kikuu jijini Nairobi akisomea kemia. Jambo hilo lilimkaa Baba rohoni. Alikuwa ametamani binti yake awe daktari, lakini alama zilipungua kidogo, akaitwa kusomea kemia.

"Daktari hutibu watu," Baba alizoea kusema. "Wewe utatibu nani, chupa?"

Caro alizoea kucheka tu. Lakini alipokuja likizo ya Agosti na kumkuta Mureithi anatambaa kama mtoto mchanga, kicheko kilikauka.

"Angalia kwa vitabu vyako, umtafutie dawa," Phylis alimsihi.

"Phylis, mimi si daktari."

"Sasa uko huko unasoma nini?"

 Caro aliketi jikoni kwa huzuni, akimtazama Phylis akifanya kazi. Maji yalitokota, yakaendelea kutokota.

"Unangoja nini? Si yamechemka kitambo?"

"Lazima yapungue nusu. Hapo ndiyo yanakuwa safi kabisa."

"Na hiyo unatia ni nini?"

"Magadi. Natia mengi ndiyo Mureithi asisumbuke kutafuna."

Caro akainuka. Alichungulia sufuriani, akaona ukoko mweupe ulioganda pembeni. Kisha akamshika Phylis kidevu.

"Hebu nionyeshe meno."

Meno ya Phylis yalikuwa na madoa ya kahawia, kama ya watoto wengi waliokulia pale. Ya Caro yalikuwa meupe pe. Yeye alikulia Kirinyaga, kabla Baba hajanunua ploti Kitengela na kuchimba kisima.  Caro alijaza chupa moja maji ya kisima, nyingine maji yaliyochemshwa, akafunga magadi kidogo kwenye karatasi, na kesho yake akarudi chuoni likizo ikiwa bado mbichi.

Juma hilo lilikuwa refu. Mureithi aliacha hata kutambaa. Phylis, kwa kukata tamaa, akachemsha maji hadi yakabaki kidogo kabisa.

Caro aliporudi, aliwaketisha wote.

"Maji yetu yana floraidi kupita kiasi," alisema. "Ni madini yanayotoka kwenye mawe ya chini. Yakiwa kidogo hulinda meno. Yakizidi huyaharibu, na yakizidi zaidi huharibu mifupa, hasa ya mtoto mdogo. Magadi pia yana floraidi hiyo hiyo."

"Lakini mimi huchemsha!" Phylis alisema.

"Kuchemsha huua vijidudu, na lazima tuendelee," Caro alijibu polepole. "Lakini madini hayafi. Maji yanapungua, madini yanabaki yote sufuriani. Ukichemsha maji hadi nusu, yanakuwa makali mara mbili."

Phylis akatazama viganja vyake. Mikono iliyomlisha Mureithi ilikuwa hii hii yake. "Ni mimi niliyempinda," alisema, akatoka mbio.

Baba alimkuta nyuma ya kisima, akaketi naye mavumbini.

"Kama ni kosa, anza na mimi," alisema. "Nilijigamba na kisima hiki mtaa mzima. Sikumuuliza mtu yeyote kina nini ndani." Phylis hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia.

Caro ndiye aliyewainua. Chuoni alikuwa amejifunza kwamba mifupa ikichomwa vizuri ikawa makaa, hunasa floraidi. Akaenda kwa Mzee Mohamednur, mwenye bucha, kuomba mifupa.

"Chukua yote, binti yangu," mzee alisema. "Mbwa watanisamehe."

Waliichoma ndani ya pipa lililofunikwa. Harufu ilikuwa mbaya hata majirani wakapata la kuongeza kwenye habari ya laana. Mara ya kwanza haikuiva sawasawa, maji waliyoyapitisha humo yakatoka yananuka, na Phylis akaona mwisho wao umefika. Wakarudia. Mara ya pili ilitoka nyeusi tii. Wakaiponda, wakaiosha, wakaijaza kwenye ndoo yenye bomba, wakachuja humo maji ya kisima. Caro alipeleka maji yaliyochujwa maabara, mhadhiri wake akayapima pia, yakaonekana salama. Magadi yakatupwa. Phylis akawa anachemsha maji yaliyochujwa, yakitokota tu, anaepua.

Daktari wa hospitali ya Kajiado aliwaambia mifupa ya mtoto bado inakua, wasikate tamaa. Miezi ikapita bila dalili. Mama alikuwa ameanza kukata tamaa tena. Ndipo siku moja ya mvua, Phylis akiwa ameinama jikoni, akahisi mkono mdogo begani. Mureithi alikuwa amesimama. Miguu ilikuwa bado imepinda, lakini ilimbeba. Phylis alimkumbatia akipiga kelele hadi nyumba nzima ikaja.

"Phylis," Baba alisema walipotulia, "bidii ni kama punda. Hubeba mzigo wowote, mwema na mbaya, wala haiulizi. Ndiyo maana mwenye punda lazima aulize kwanza. Kuuliza si ujinga."

Kisha akamgeukia Caro. Safari hii hakuwa na mzaha. "Hebu niambie, kemia humpeleka mtu wapi?"

"Wenzangu wengine wataenda viwanda vya dawa, wengine vya simiti huko Athi River, wengine maabara za serikali," Caro alisema. "Mimi nataka kupima visima vya Kajiado."

Baba akatazama ng'ambo ya ua.

"Anza na cha jirani," alisema. "Yule aliyesema tuna laana. Watoto wake wana meno kama ya Phylis."