Bwana Harusi Mwenye Sinia

Jumamosi asubuhi Ketty alikuwa amechutama jikoni, akimwaga uji wa mtama juu ya bamba la moto kupika kisra, chapati nyembamba za kuuzwa katika soko la Konyo Konyo. Dada yake Susan alikunja zilizoiva na kuzipanga kwenye beseni. Mara kichwa kilichojaa vumbi kikachomoza juu ya ua wa matete.

“Hodi wenyewe! Gari langu lina kiu kuliko mimi. Mna maji?”

Mgeni huyo aliitwa Pitia. Alizaliwa Juba akakulia Nairobi, na kazi yake ilikuwa kuonyesha filamu mji kwa mji. Ndani ya Landrova yake mlikuwa na projekta, jenereta na shuka kubwa jeupe. Jioni ile angeonyesha sinema ya bure katika uwanja mmoja wa mtaa ule wa Kator, lakini mkalimani wake alikuwa amebaki Nimule, mpakani, akitetemeka kwa malaria.

“Filamu ni ya Kiingereza,” alisema baada ya kunywa. “Bila mtu wa kuisema kwa Kiarabu cha Juba, watu wataona midomo inacheza tu, kama ya samaki.”

Baba mkubwa Romano alikuwa ameketi kivulini, tai shingoni ingawa siku ile hakwenda ofisini. Tangu baba yao Ketty afariki uhamishoni Uganda, yeye ndiye aliyeitunza familia, kwa hiyo neno lake halikujibiwa.

“Mtu wa ofisi kama mimi hawezi kupiga kelele kama mnadi wa sokoni,” alisema. “Mchukue huyu binti yangu. Kiingereza cha Kampala hicho! Mwezi ujao anakwenda shule ya bweni. Sanduku la bati nimeshamnunulia.”

Pitia alimtazama Ketty. “Una miaka mingapi?”

“Kumi na mitatu.”

“Nina sharti moja. Usiongeze, usipunguze. Neno likiwa tamu, sema. Likiwa chungu, sema. Wale watakaokaa chini wana macho yao, lakini masikio yao ni wewe. Utaweza?”

“Naahidi,” Ketty alijibu. “Mpaka mwisho.”

Nyumba yao siku hizo ilikuwa na kidonda. Susan alitaka kuolewa na Cirillo, kijana aliyepakua mizigo ya matishari kwenye bandari ya mtoni na ambaye kanisani aliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima, bila kufuata kwaya. Mama yake alikuwa mtu wa kabila la Bari, wa palepale Kator. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kaskazini, jallaba aliyeondoka zamani bila kuaga. Jumapili iliyotangulia, Cirillo alipotuma wazee kuleta posa, Baba mkubwa Romano aliwafukuza. Kisha akasimama katikati ya ua, akapaza sauti hata majirani wakaacha kutwanga.

“Hatukurudi kutoka Uganda ili binti yetu ampikie kuli! Na watoto wake watakuwa rangi gani? Chai ya maziwa?”

Mama Victoria, mama yao, aliinamisha kichwa akanyamaza. Susan alilia. Ketty aliona hasira ikimpanda kooni, lakini akaimeza.

Jioni ile uwanja ulijaa. Watu walikuja na mikeka, na vitoto migongoni. Baba mkubwa alikaa mbele kabisa, kwenye kiti alichokuja nacho, kofia yake ya ukindu kichwani. Cirillo alisimama nyuma ya wote, kwa kuwa hakutaka kukaribia familia iliyomkataa. Jenereta ikanguruma, shuka likawaka, na Ketty akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Filamu ilihusu familia ya jaji mmoja Mzungu katika nchi ya mbali. Binti yao alikuwa amechumbiwa na dereva mweusi wa lori la mizigo, na bibi yake mzee alikuwa amewabariki. Wazazi walishindwa kuizuia harusi, basi wakatafuta njia ya kuificha. Waliwaambia wageni kwamba bwana harusi amechelewa. Bwana harusi mwenyewe wakamvika koti jeupe, wakampa sinia, akazunguka akiwagawia wageni vinywaji kwenye harusi yake.

“Hawa makawaja wa Kizungu wana wazimu!” mzee mmoja alipiga kelele.

“Kijana, nipe na mimi soda!” mwingine akamwambia mtu wa kwenye shuka.

Baba mkubwa Romano alicheka mpaka akavua kofia apate kujipepea. “Waone! Waone ubaguzi wao!”

Kisha mama wa bibi harusi akamvuta mumewe pembeni, akasema maneno. Ketty aliyasikia, akamtazama Baba mkubwa pale mbele. Akayasema.

“‘Hatukuvuka bahari ili binti yetu ampikie mbeba mizigo. Na wajukuu wangu, watakuwa rangi gani?’”

Watu walitazamana. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka gizani, taratibu, “Chai ya maziwa!”

Kicheko kilipasuka. Watu walipiga magoti yao, wakashikana mabega, wakageuza vichwa kuitazama kofia ya ukindu. Baba mkubwa peke yake hakucheka tena.

Filamu iliendelea kuwa ya ajabu. Yule bibi mzee alikata roho kitini, katikati ya karamu. Jaji na mkewe waliogopa kwamba wageni wangeondoka kabla ya kutoa zawadi, basi wakamvika maiti miwani myeusi. “Anasikiliza muziki,” waliwaambia watu, na wageni wakapita mmoja mmoja kumpa mkono. Watu wa Kator walicheka huku wamefunika nyuso. Ni kicheko kibaya kile, kinachomwumiza mtu tumboni.

Mkanda wa kwanza ukaisha. Pitia alipokuwa akiweka wa pili, Baba mkubwa alimfikia Ketty.

“Kiingereza hapa wanakijua watu wangapi?”

“Wachache, Baba mkubwa.”

“Basi sikiliza. Yule dereva akianza kusema, wewe sema ni mwizi, ametumwa kuiba mali yao. Sema familia ilikuwa na haki.”

“Lakini hatasema hivyo.”

“Wewe ndiye utakayesema!” Alipunguza sauti. “Sanduku lile la bati liko nyumbani kwangu. Nauli ya shule iko mfukoni mwangu. Ukinitia aibu mara ya pili, vitabaki huko.”

Alirudi kitini. Ketty alibaki na kipaza sauti kinachoteleza kwa jasho. Aliliona sanduku, rangi yake ya bluu, kufuli lake dogo. Kila usiku alikuwa akilipanga akilini: vitabu huku, sare kule. Ingekuwa rahisi. Neno moja hapa, neno moja pale, nani angejua?

Angejua yeye.

Shuka likawaka tena. Bwana harusi alipita na sinia mbele ya bibi mzee, akasimama. Alimtazama. Akaweka sinia chini, akapiga goti, akamvua ile miwani na kumfumba macho kwa vidole viwili, polepole, kama mtoto anavyomfumba mama yake. Uwanjani hakuna aliyecheka. Kisha akasimama, akawageukia wageni, akaanza kusema.

Baba mkubwa aligeuka kumtazama Ketty, akatikisa kidole.

Ketty alitazama nyuma ya watu wote, pale aliposimama Cirillo, gunia la kazi bado begani. Ile hasira aliyoimeza Jumapili ikarudi kooni, na safari hii hakuimeza.

“‘Bibi huyu aliniita mwanangu,’” alisema, na sauti yake ikapita juu ya jenereta. “‘Mimi mlinificha nikiwa hai. Yeye mmemficha akiwa maiti. Sasa ni nani katika nyumba hii mnayeweza kumwonyesha watu?’”

Baba mkubwa Romano alisimama ghafla mbele ya mwanga wa projekta. Kivuli cha kofia yake kikaanguka juu ya shuka, kikubwa kama paa la nyumba, kikamfunika bibi harusi.

“Baba, kofia!”

“Kaa chini, bwana! Unatuzibia harusi!”

Aliinama, akachukua kiti chake, akaondoka nacho. Ketty alisema neno lililofuata, na lililofuata, mpaka bwana harusi na mkewe wakatoka kwa miguu kwenye lango la jaji, na shuka likawa jeupe tena.

Pitia hakumsifu sana. Alimpa mkono tu, kama anavyompa mtu mzima.

Kesho yake, kabla ya misa, Baba mkubwa aliingia uani bila hodi. “Victoria! Mtoto wako amenivua nguo mbele ya Kator nzima!”

Mama Victoria alikuwa akimimina chai. Safari hii kichwa hakukiinamisha.

“Shemeji, mtoto alisema maneno ya filamu. Chai ya maziwa ilikuwa yako.”

“Unanijibu mimi?”

“Ninakujibu. Umetulisha, nami nakushukuru mpaka kufa. Lakini nilinyamaza kwa kuogopa kuukosa mkono wako, na jana nikamwona mtoto akikataa kunyamaza kwa woga uleule. Habari ya sanduku ameshaniambia. Wazee wa Cirillo nitawaita Jumapili ijayo. Ukija, utakaa kiti cha mbele, kwa sababu wewe ni baba. Usipokuja, binti ataolewa.” Akamsogezea kikombe. “Kunywa, isipoe.”

Baba mkubwa alikitazama kikombe. Chai ilikuwa ya maziwa. Mdomo wake ulicheza upande mmoja, akaukaza asicheke, ukacheza tena. Akaketi, akainywa yote, akarudisha kikombe, akaondoka.

Jumapili ile alikuja, tai shingoni, akivuta mbuzi kwa kamba. Cirillo, kwa mazoea yake ya kazi, aliinuka kusaidia kubeba vyakula. Ketty akamnyang’anya sinia.

“Shemeji, kaa! Leo wewe hubebi kitu.”

Uani walicheka wote. Baba mkubwa alichelewa kidogo, kisha naye akacheka, na akamsogezea Cirillo kiti karibu na chake. Lakini sanduku hakulileta. Alikuwa ameshampa Emilio, mwanawe, na suala la nauli hakuligusa. Mtu hubadilika, ila si kwa siku moja.

Hivyo shule ya bweni ikampita Ketty. Shule zilipofunguliwa, alikwenda ya mjini, kwa miguu, vitabu vyake vimefungwa ndani ya kanga kuukuu ya mama. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni, akakaza fundo.

“Unajuta?” mama yake alimwuliza.

Ketty alifikiri. “Sanduku nalililia, mama. Maneno yale, hapana.”

Mama Victoria alimwekea fundo vizuri begani. “Basi ujue hili, mwanangu. Anayekununulia kitu anaweza kukuchukulia. Lakini neno ulilotoa ni lako mwenyewe. Hakuna wa kukunyang’anya, labda ulitupe. Na aibu haimfuati anayesema kweli. Humfuata aliyeifanya kweli iwe ya aibu. Haya, nenda, utachelewa.”

Ketty akatoka. Kutoka upande wa bandarini alimsikia Cirillo akiimba huku akipakua tishari, kwa sauti kubwa, nje kabisa ya wimbo. Akaanza kucheka peke yake njiani, akaongeza mwendo.