Mstari Alioufuta Bobini

Kila alipotoka shule, Bobini alivua viatu mlangoni, akafua soksi zake, akazianika dirishani, kisha akaketi mezani kumsubiri mama. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, fundi wa kushona, kwa sababu alipokuwa mdogo alizunguka nyumba nzima bila kutulia, kama bobini ndani ya cherehani. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na alichechemea kidogo kwa mguu wa kushoto.

Jumatatu hiyo mama alirudi mapema kutoka kufua nguo za watu. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa sabuni. Alipangusa meza, akaweka juu yake karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono.

"Kile kiwanda kipya cha mashati kinatafuta mafundi," alisema. "Huu ndio wasifu wangu wa kazi. Wewe ndiye unayejua kompyuta humu ndani. Nenda dukani kwa Mzee wa Kuchapa ukanipigie chapa. Neno kwa neno, usitie chumvi."

"Sawa, mama."

"Na usikae ukipiga soga na Redio mpaka duka lifungwe."

Redio alikuwa rafiki yake wa darasani. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuzimika. Bila shaka walikwenda pamoja. Mzee wa Kuchapa aliwaonyesha kompyuta ya pembeni, na Bobini akaanza kupiga herufi huku Redio akisoma karatasi kwa sauti.

"Miaka saba, kiwanda cha sare za shule, fundi wa kola. Hapo sawa. Miaka mitatu iliyofuata, sikuwa kazini, nilikuwa namuuguza mwanangu." Redio akanyamaza, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Bobini, mama yako anataka kazi au hataki?"

"Anataka. Kwa nini?"

"Wasifu huu una pengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kaka yangu aliandika hivihivi, hakuitwa popote. Nani atampa kazi mtu aliyekaa nyumbani miaka mitatu?"

Bobini aliutazama ule mstari. Mwanangu. Yaani yeye. Alikumbuka wodi, plasta ngumu iliyoanzia kiunoni, na mfupa wa paja uliokuwa ukitoa usaha. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba, alipokuwa amelala pale, kuna kiti kiwandani kilichobaki bila mtu. Uso wake ulipata moto. Alifuta neno "saba", akaandika "kumi, mpaka mwaka huu". Kisha akaufuta mstari mzima uliofuata.

Ukurasa ulibaki safi, kama hakuna kilichowahi kutokea.

Mzee wa Kuchapa aliuchapa, akautia kwenye bahasha na kuibandika. Nyumbani mama aliipokea bahasha kwa ncha za vidole, asije akaichafua.

"Huisomi?" Bobini aliuliza.

"Umepiga wewe, niisome ya nini?"

Kesho yake mama aliipeleka kiwandani, na maneno hayo hayakumtoka Bobini kichwani siku zote nne mpaka mama alipoitwa.

Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule, wakaenda wote wawili. Bobini alidhani kiwanda ni chumba kikubwa tu chenye vyerehani vingi. Mlango ulipofunguliwa alisimama, akasahau hata kupumua. Mashine mia zilikuwa zikiimba kwa pamoja. Taa ndefu zilining'inia juu ya kila meza. Upande mmoja kulikuwa na vipande vya kitambaa, vimepangwa kama kurasa. Mwisho wa laini, yaani ile safu ndefu ya mashine, shati zima lilitoka, na kola yake, na vifungo vyake, kana kwamba limejishona lenyewe. Na mama yake, huyu anayefua nguo za watu, alikuwa akiitaja kila mashine aliyoijua kwa jina, polepole, kama mtu anayesalimia ndugu aliopotezana nao.

Msimamizi alikuwa mama mnene, mwenye futi ya kupimia shingoni. Bobini akamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, binti," kisha akaitoa karatasi kwenye bahasha.

"Miaka kumi kwenye kola," alisoma. "Na umetoka mwaka huuhuu. Basi wewe mkono bado wa moto, huna haja ya mafunzo. Jumatatu uingie laini ya nne."

Kazi imepatikana. Bobini alitaka kuruka. Lakini mama alinyoosha mkono. "Samahani dada, naomba niione."

Akaisoma mpaka mwisho. Akamtazama Bobini mara moja tu, na Bobini akatazama viatu vyake.

"Karatasi hii ina kosa," mama alisema. "Nimeshona miaka saba, siyo kumi. Hii mitatu ya mwisho sikugusa mashine ya kiwandani."

Msimamizi alivua miwani. "Nani aliyeandika kumi?"

"Imetoka nyumbani kwangu, dada. Kosa ni langu."

Bobini aliona jinsi mama alivyosimama wima huku kazi ikimtoka mikononi. Hakuweza kuvumilia.

"Ni mimi," alisema. "Mama aliandika ukweli. Mimi nikaufuta. Niliona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa kazini."

Mama alishusha pumzi. Hakugomba. Aliomba kalamu, akakata "kumi, mpaka mwaka huu", akaandika "saba", na chini yake akaandika ule mstari tena kwa herufi zake kubwa zinazolala upande mmoja.

"Miaka mitatu," msimamizi alisema taratibu. "Ulikuwa ukifanya nini?"

"Huyu mguu wake ulipasuliwa mara nne. Nilikuwa naishi wodini, ndani nje, ndani nje. Nikachoka kukaa bure, nikaomba sindano. Nikawa nashona mashuka yaliyochanika. Halafu nikaona watoto hawalali kwa maumivu, nikashona mito midogo ya kuinulia miguu. Kwa mkono tu. Hata sikuihesabu. Kila kitanda kilikuwa na wake."

Bobini aliinua kichwa. Mto wa buluu. Alikuwa nao mpaka leo, na siku zote alidhani ulikuwa wa hospitali. Alimwona tena yule mtoto wa kitanda cha dirishani, na yule pacha wa mlangoni, kila mmoja mguu wake juu ya mto, wamelala. Wote hao. Alimtazama mama yake kama alivyokuwa amezitazama zile mashine mia.

Msimamizi alivaa tena miwani yake. Kisha akawapeleka kwenye laini ya nne, akagusa kanyagio kwa ncha ya kiatu. Mashine ilikimbia na kukata uzi yenyewe kabla Bobini hajapepesa jicho.

"Hizi zimekuja mwaka jana," alisema. "Kuna fundi alituambia anazijua. Siku ya kwanza sindano ilipita katikati ya kidole chake. Na wewe Jumatatu ningekuketisha hapahapa."

Mama akatazama vidole vyake vilivyobabuka, akavikunja.

Msimamizi akampa kola tatu na mashine ya zamani. Ya kwanza ilipinda. Ya pili ilinyooka kidogo. Ya tatu msimamizi aliigeuza nje na ndani, akapitisha kidole kwenye ncha zake, akaguna.

"Mkono haujasahau. Lakini utaanza na wanafunzi, wiki mbili, chini ya msichana mdogo kuliko wewe. Utaweza?"

"Hata akiwa mdogo kama huyu wangu, nitaweza."

Msimamizi akacheka, kisha akamwinamia Bobini. "Sikiliza, binti. Mimi nasoma karatasi ili nijue nimweke mtu wapi na nimfundishe nini. Akinificha, nitamkosea bila kujua. Pengo halinitishi. Linalonitisha ni pengo lililopakwa rangi."

Njiani mama alitangulia mbele mpaka walipovuka barabara kuu. Ndipo alipomshika mkono.

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini usinifutie tena miaka ile, mwanangu. Nimefanya kazi nyingi maishani, na hakuna niliyoifanya kwa bidii kama ile. Sioni aibu kuiandika, na wewe usione aibu kuisoma."

Jioni ile, kabla duka halijafungwa, Bobini alirudi kwa Mzee wa Kuchapa, kwani msimamizi alitaka nakala safi ya kuhifadhi. Redio alisimama nyuma yake, akasoma mstari mpya ukitokea herufi moja moja: miaka mitatu, nilimuuguza mwanangu hospitalini, na nikashona mito ya wodi nzima.

"Wodi nzima?" aliuliza Redio.

"Nzima," alisema Bobini.

Na kwa mara ya pili wiki ile, Redio alinyamaza.